Historia ya Kuigwa kwa Sauti ya Gita la Umeme

Gita ni chombo kilichozoeleka sana katika miji ya Afrika ya Mashariki. Wapenzi wa dansi huzijua sehemu zake kwa majina, yaani gita la solo, gita la rithimu na gita la besi. Na msikilizaji mzoefu aweza kuitambua bendi kwa mlio wa magita yake kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Walakini mlio huo hautoki katika nyuzi peke yake. Gita la umeme lisilounganishwa na kitu chochote halisikiki hatua chache kutoka kwa mpigaji. Kinacholipa sauti ni kile kisanduku kilichowekwa nyuma yake, yaani amplifaya, ambacho hupokea umeme mdogo kutoka katika gita, huukuza, kisha huusukuma katika spika. Kwa hiyo mpiga gita la umeme hupiga vyombo viwili kwa pamoja, na historia ya kimoja haiwezi kuelezwa pasipo historia ya kingine.

Katika muda wa miaka thelathini hivi iliyopita, kazi ya kisanduku hicho imehamia kwa kadiri kubwa katika kompyuta. Mpigaji huunganisha gita lake na kompyuta, huchagua katika kioo picha ya amplifaya aipendayo, na huzungusha vifundo vilivyochorwa kama kwamba ni vifundo vya kweli. Sauti inayotoka hufanana sana na ya mtambo wenyewe, ingawa katika chumba hamna mtambo wala spika yake. Makala haya yanaeleza jinsi jambo hilo lilivyotukia, na sababu iliyowafanya mafundi na wataalamu wa hesabu kutumia miaka mingi ya kazi ili kuhifadhi kitu ambacho hapo mwanzo kilihesabiwa kuwa ila.

ASILI YA AMPLIFAYA

Katika miaka ya 1920 na 1930 bendi za dansi za Marekani zilijaa tarumbeta, saksafoni na ngoma. Gita lilikuwapo, lakini lilimezwa na vyombo vikubwa. Katika mji wa Los Angeles mpigaji mmoja, George Beauchamp, alishirikiana na Adolph Rickenbacker kutafuta dawa ya unyonge huo. Mwaka 1931 walipata gita lenye sumaku na koili ya waya chini ya nyuzi. Uzi wa chuma unapotetemeka huvuruga nguvu ya sumaku, na mvurugo huo huzaa umeme mdogo katika koili. Gita lao lilianza kuuzwa mwaka 1932, na kwa umbo lake la duara lenye mkono mrefu watu walilipa lakabu ya kikaango. Hati ya kulinda uvumbuzi huo ilitolewa mwaka 1937.

Umeme utokao katika koili ni mdogo mno hata hauwezi kutikisa spika. Kwa bahati chombo cha kuukuza kilikuwa kimekwisha kupatikana kwa ajili ya redio. Ambrose Fleming alivumbua vali ya kwanza huko Uingereza mwaka 1904, na Lee de Forest wa Marekani aliiongezea sehemu ya tatu mwaka 1906. Wazee waliomiliki redio za zamani wanazikumbuka vali: chupa ndogo za kioo zisizo na hewa ndani, ambazo huwaka wekundu na kuchukua muda kupata moto kabla sauti haijasikika. Ndani ya chupa umeme hutiririka kutoka sehemu ya moto kwenda katika bamba, na katikati pana wavu. Wavu huo ni kama lango la mfereji: nguvu kidogo ya mkono katika lango huamuru maji mengi. Umeme mdogo wa gita hutiwa katika wavu, na umeme mkubwa wa bamba huufuata kwa kila hatua.

Mtu aliyezieneza amplifaya za gita kuliko wengi ni Leo Fender, fundi wa redio aliyefungua duka la kutengeneza redio katika mji wa Fullerton, California, mwaka 1938. Sakiti zake za mwanzo hazikuwa ngeni. Zilifuata mifano iliyokuwa ikichapishwa katika vitabu vya watengenezaji wa vali. Nia yake ilikuwa kupata sauti kubwa iliyo safi. Mwaka 1951 alitoa gita la besi la umeme, na mwaka 1952 akatoa amplifaya ya kulihudumia, iliyoitwa Bassman. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 Bassman ilikuwa na spika nne za inchi 10, na wapigaji wa gita la kawaida walikuwa wamekwisha kuigundua na kuipenda.

Amplifaya hiyo ilivuka bahari. Katika mtaa wa Hanwell, magharibi ya London, Jim Marshall alikuwa na duka la ngoma na vyombo vya muziki. Wateja wake vijana walitaka amplifaya za Marekani, ambazo zilikuwa ghali na adimu Uingereza. Mwaka 1962 yeye na mafundi wake, Ken Bran na Dudley Craven, waliifungua sakiti ya Bassman, wakaifuata karibu kila hatua, lakini wakatumia vali na sehemu zilizopatikana kwao, na spika nne za inchi 12 katika sanduku lililofungwa nyuma. Chombo kilichotoka kiliitwa JTM45. Kilikuwa mwigo, lakini kwa ajili ya sehemu hizo chache zilizobadilika hakikulia kama asili yake. Kilikwaruza upesi zaidi na kwa ukali zaidi. Jambo hili lafaa kukumbukwa na mtu anayedhani ya kuwa uigaji wa sauti ulianza na kompyuta. Fender aliiga vitabu, na Marshall alimwiga Fender.

ILA ILIYOGEUKA KUWA UZURI

Kila vali ina mpaka wake. Ukiitia umeme uliozidi, haiwezi tena kuufuata; wimbi la sauti lililokuwa na kilele cha mviringo hukatwa kilele chake. Fundi wa redio huliita jambo hilo kosa, kwa kuwa sauti iliyotoka si ile iliyoingia. Walakini vali haikati kwa ghafula. Kadiri wimbi linavyokaribia mpaka ndivyo linavyopindwa polepole, na katika kupindwa huko huzaliwa sauti nyingine juu ya ile ya asili. Uzi wenye mitetemo 110 kwa sekunde hupata wenzake wa mitetemo 220, 330, 440 na kuendelea. Sauti huwa nene, hudumu muda mrefu zaidi, na huufuata mkono wa mpigaji: akigusa kwa upole hupata mlio safi, akipiga kwa nguvu hupata mkwaruzo.

Vali si sehemu pekee yenye tabia. Umeme unaozilisha vali hunywea kitambo kidogo mpigaji apigapo kwa nguvu, kisha hurudi, na kurudi huko husikika kama pumzi. Transfoma inayounganisha vali na spika nayo hukata na kulainisha. Spika yenyewe haitoi vema sauti zilizo juu ya mitetemo 5,000 hivi kwa sekunde, na kwa ajili hiyo husafisha makali ya mkwaruzo. Sauti ya gita la umeme ni mapatano ya sehemu hizo zote, na kila moja ina udhaifu wake.

Watu walianza kuupenda udhaifu huo kwa njia ya ajali. Mwaka 1951 katika studio ya Sam Phillips mjini Memphis ulirekodiwa wimbo wa Rocket 88 kwa amplifaya ambayo, kama isimuliwavyo, iliharibika njiani, na spika yake ikajazwa karatasi ili ipate kulia. Mwaka 1958 Link Wray alitoboa matundu katika karatasi ya spika kwa makusudi ili apate mlio wa wimbo wake Rumble. Mjini Nashville mtambo wa studio uliharibika wakati wa kurekodi wimbo wa Marty Robbins uitwao Don't Worry, uliotoka mwaka 1961, na gita la besi la Grady Martin likasikika likikwaruza kama nyuki. Fundi Glenn Snoddy hakuutupa mlio huo. Aliutafutia sakiti ya transista ya kuuzaa upya, na kampuni ya Gibson ikaitoa mwaka 1962 katika kisanduku cha kukanyagwa kwa mguu, kiitwacho Maestro Fuzz-Tone. Mwaka 1964 Dave Davies wa kikundi cha The Kinks alikata karatasi ya spika yake kwa wembe kabla ya kurekodi You Really Got Me.

Kisa cha Snoddy kina maana kubwa katika historia hii. Kabla yake, mtu aliyetaka mkwaruzo alikuwa hana budi kuharibu chombo. Baada yake, uharibifu wenyewe ulikuwa bidhaa iliyoundwa kwa kipimo, inayowashwa na kuzimwa.

Mwaka 1966 ilitoka sahani ya John Mayall na kikundi chake, ambamo Eric Clapton alipiga gita la Gibson kwa amplifaya ya Marshall iliyofunguliwa kwa sauti kubwa kupita desturi ya studio za siku zile. Alishikilia ya kuwa sauti ipunguzwe na mafundi kwa kuweka maikrofoni mbali, wala si yeye kwa kugusa vifundo. Tangu hapo ilieleweka kwamba mlio bora wa vali hupatikana pale tu mtambo unapofanya kazi karibu na mwisho wa nguvu zake. Tatizo likawa hapo hapo. Amplifaya iliyofunguliwa hivyo haivumiliki katika nyumba ya kupanga, wala katika ukumbi mdogo.

TRANSISTA NA UPUNGUFU WA VALI

Mnamo Desemba 1947, katika maabara ya Bell huko Marekani, John Bardeen na Walter Brattain walifanikiwa kukuza umeme kwa kipande cha germani pasipo chupa wala moto. Transista ilikuwa ndogo, nyepesi na rahisi, na katika miaka ya 1960 ilianza kuingizwa katika amplifaya za gita. Kwa sauti safi ilitosha. Lakini transista ikifika mpaka wake hukata wimbi kwa ghafula kama panga, na mkwaruzo wake ni mkali na mkavu. Wapigaji wengi walirudi katika vali.

Walirudi wakati soko likiondoka. Redio, televisheni na majeshi ndio waliokuwa wateja wakubwa wa vali, nao walihamia katika transista. Viwanda vikubwa vya Marekani na Ulaya ya Magharibi vilifungwa kimoja baada ya kingine, na wapiga magita walijikuta ni miongoni mwa watu wachache waliobaki wakitegemea ufundi wa zamani.

Hivyo swali liliwekwa wazi: yawezekanaje kupata mlio wa amplifaya kubwa ya vali pasipo ukubwa wa sauti, na pasipo vali? Tom Scholz, mhandisi aliyesoma katika chuo cha MIT na kuongoza kikundi cha Boston, alitoa mwaka 1982 kisanduku kidogo kilichoitwa Rockman, ambacho kilitia katika vizibo vya masikio mlio uliokwisha kupambwa kama wa sahani. Mwaka 1989 Andrew Barta alitoa SansAmp, iliyoiga kwa transista amplifaya za vali pamoja na spika na maikrofoni yake. Vyombo hivi havikutumia kompyuta, lakini vilikwisha kusema jambo kubwa: kinachotakiwa kuigwa si vali peke yake, bali mkondo mzima tangu gita hadi maikrofoni.

KUINGIA KWA HESABU

Kompyuta haiijui sauti, huijua namba tu. Kwa hiyo umeme wa gita hupimwa mara nyingi sana kila sekunde, mathalan mara 44,100 au 48,000, na kila kipimo huandikwa kwa namba. Programu huzipitisha namba hizo katika hesabu zinazochukua nafasi ya vali, transfoma na spika, kisha namba zinazotoka hugeuzwa kuwa umeme tena.

Kampuni ya Roland ya Ujapani ilitoa mwaka 1995 mtambo wa VG-8, uliopokea sauti ya kila uzi peke yake na kuiga magita na amplifaya mbalimbali. Huko California Marcus Ryle na Michel Doidic waliunda kampuni ya Line 6, ambayo mwaka 1996 ilitoa amplifaya ya AxSys 212. Hiyo ilikuwa na spika za kweli, lakini mlio wake ulifanywa kwa namba. Mwaka 1998 kampuni hiyo hiyo ilitoa POD, kisanduku chekundu chenye umbo la haragwe, kilichotoshea juu ya meza. Kazi hiyo ikaingia pia katika kompyuta za kawaida: AmpliTube ya IK Multimedia ya Italia ilitoka mwanzoni mwa karne hii, na Guitar Rig ya Native Instruments ya Ujerumani ilitoka mwaka 2004.

Programu za mwanzo zilisifiwa na kulaumiwa, na lawama zenyewe zilikuwa na sababu zinazoelezeka. Sababu ya kwanza ni uchache wa vipimo. Mkwaruzo huzaa sauti za juu, na zile zinazopita nusu ya idadi ya vipimo haziwezi kuandikwa kwa ukweli. Hurudi chini kama sauti za uongo zisizopatana na uzi uliopigwa. Sikio huzisikia kama mchanga ndani ya muziki. Dawa yake ni kuzidisha vipimo mara nne au mara nane ndani ya programu kabla ya kukata wimbi, kisha kuvipunguza tena. Lakini dawa hiyo hutaka kompyuta yenye nguvu, nazo kompyuta za miaka ya 1990 zilikuwa dhaifu.

Sababu ya pili ni kwamba hesabu za mwanzo zilikuwa hazina kumbukumbu. Namba iliyoingia ilipewa jibu lile lile kila mara, hali vali halisi hujibu kwa kufuata yaliyotangulia. Umeme wake umenywea au haujanywea, transfoma imeshiba au haijashiba. Mpigaji alisikia mlio uliofanana, lakini mkono wake ulihisi ya kuwa chombo hakimjibu.

Sababu ya tatu ni ucheleweshaji. Kompyuta hukusanya namba kwa mafungu kabla ya kuzihesabu, na kila fungu huchukua muda. Sauti husafiri hewani kiasi cha mita 343 kwa sekunde, basi mpigaji aliye mita tatu mbali na spika yake huisikia baada ya sehemu tisa hivi za elfu za sekunde, wala hasumbuki. Programu ikichelewa zaidi ya hapo, wapigaji wengi huanza kuhisi ya kuwa vidole vimetangulia na sauti inafuata.

Katika jambo moja uigaji ulifaulu mapema, nalo ni sanduku la spika. Spika haikatikati wimbi kama vali ifanyavyo. Kwa kadiri kubwa hupunguza sauti fulani na kukuza nyingine kwa kanuni isiyobadilika. Kitu cha namna hiyo chaweza kunaswa chote kwa mshindo mmoja mfupi: unaupitisha katika spika, unanasa kwa maikrofoni jinsi unavyozima, na namba za kuzima huko ndiyo picha kamili ya spika, maikrofoni na mahali maikrofoni ilipowekwa. Kwa sababu hiyo wajuzi wa programu hizi huanza kutengeneza mlio kwa kuchagua spika kabla ya kugusa vifundo vya amplifaya. Maikrofoni ikielekezwa katikati ya karatasi ya spika, mlio huwa mkali. Ikisogezwa ukingoni, huwa mzito na mpole. Anayeanza, asipolijua hilo, hutumia saa nyingi akipunguza makali kwa vifundo, hali dawa ilikuwa katika kusogeza maikrofoni kwa vidole vichache.

NJIA MBILI

Kompyuta zilipopata nguvu, wataalamu waligawanyika katika njia mbili.

Njia ya kwanza ni ya kuifuata sakiti. Mtaalamu huchukua mchoro wa amplifaya, huandika hesabu ya kila rezista, kila kapasita na kila vali, kisha huitaka kompyuta izitatue zote kwa pamoja kwa kila kipimo. Msingi mmoja wa kazi hii uliwekwa na Alfred Fettweis, Mjerumani, katika miaka ya 1970, ambaye alionyesha jinsi sakiti za umeme zinavyoweza kugeuzwa kuwa mawimbi ya namba. Mwaka 2009 David Yeh alikamilisha katika Chuo Kikuu cha Stanford tasnifu juu ya kuziiga kwa namba sakiti za mkwaruzo wa muziki. Faida ya njia hii ni kwamba kila kifundo hufanya kazi kama katika mtambo wa kweli, na sehemu yaweza kubadilishwa kama fundi abadilishavyo vali. Hasara yake ni kwamba amplifaya ya miaka sitini haifanani tena na mchoro wake. Kapasita zimechakaa, transfoma ilikazwa kwa mkono wa mtu fulani siku fulani, na mtu aliyekwenda kununua vali alinunua zilizokuwapo dukani.

Njia ya pili ni ya kusikiliza. Mtaalamu haufungui mtambo. Huutia sauti zinazojulikana, hunasa zinazotoka, na huitaka kompyuta itafute uhusiano wake. Mjerumani Christoph Kemper aliitangaza njia hii mwaka 2011 kwa mtambo wa Profiler, ambao hupeleka milio ya majaribio katika amplifaya ya mtu, na kwa muda mfupi hupata picha yake. Kisha ikaja mitandao ya neva, yaani hesabu zinazojirekebisha zenyewe kwa mifano hadi majibu yake yakaribiane na ukweli. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Aalto huko Finland, miongoni mwao Alec Wright na Vesa Välimäki, walichapisha mwaka 2020 uchunguzi ulioonyesha ya kuwa dakika tatu za kurekodi zatosha kuufundisha mtandao. Walijaribu amplifaya mbili za vali. Katika ya kwanza wasikilizaji waliweza kutofautisha mwigo na asili, ingawa ubora wa mwigo ulihukumiwa kuwa wa juu sana. Katika ya pili wasikilizaji wengi hawakuweza kusikia tofauti kati ya asili na miigo miwili iliyo mikubwa. Leo programu ya Neural Amp Modeler, ambayo hutolewa bure pamoja na maandishi yake ya ndani, humwezesha mtu awaye yote mwenye kompyuta kufanya kazi hiyo nyumbani kwake.

Njia hii nayo ina mpaka wake. Mtandao hujifunza mtambo jinsi ulivyokuwa saa ya kurekodiwa, kwa vifundo vilivyokuwa mahali vilipokuwa. Ukitaka kujua ungelia vipi kwa kifundo kingine, huna budi kurekodi tena.

KINACHOHIFADHIWA NA KINACHOPOTEA

Kuna watu wanaoiona kazi hii kuwa mchezo wa matajiri wa sauti. Mambo ya mwaka 2022 yalionyesha vingine. Katika miaka ya karibuni vali nyingi za amplifaya zimekuwa zikitoka katika sehemu chache tu, hasa Saratov huko Urusi, Čadca huko Slovakia, na China. Mwezi Machi 2022, vita vilipokuwa vimeanza Ukraine, ilitangazwa ya kuwa vali za Urusi zimezuiliwa kutoka nchini, na wafanya biashara wa Marekani na Ulaya wakashikwa na wasiwasi kwa muda. Watu wakatambua kwamba sauti iliyojaa katika sahani za miaka sabini ilikuwa ikitegemea milango michache ya viwanda. Kwa mtazamo huo, programu ya kuiga amplifaya ni ghala.

Lakini ghala huhifadhi kile kilichowekwa ndani yake. Mtu akizisoma orodha za programu hizi ataona majina au lakabu za amplifaya zile zile: za Fullerton, za London, na za mafundi wa California waliofuata. Si ajabu, maana waliozitengeneza programu walizaliwa katika sauti hizo. Hata hivyo magita ya umeme yalilia pia mahali pengine. Morogoro Jazz Band, iliyoanzishwa mwaka 1944, ilimpata Mbaraka Mwinshehe mwaka 1965, naye akaipigia gita la solo hadi alipoondoka mwaka 1973 kuunda Super Volcano. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Bendi nyingi za namna hii hazikuwa za wanamuziki wenyewe. Vyombo vilikuwa mali ya chama, shirika au tajiri. Mpigaji alipohama bendi aliacha nyuma gita na amplifaya, na huko alikokwenda alikuta visanduku vingine. Kwa hiyo sehemu ya mlio wa bendi ilikaa katika vyombo vyake, na mwanamuziki alikuja na vidole tu.

Studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi hizo kwa wingi, na kutunza kanda zake ni kazi yenye heshima. Lakini kanda pekee haitoshi kwa kazi iliyoelezwa hapa. Ili mtandao ujifunze amplifaya, hutakiwa sauti mbili: ile iliyoingia na ile iliyotoka. Kanda ina iliyotoka peke yake, tena imechanganyika na ngoma, tarumbeta na waimbaji. Iliyoingia ilipotea pale pale ukumbini. Amplifaya haiwezi kuigwa kwa njia hizi ila ingali yaweza kuwashwa.

Hapo ndipo jambo hili linapowagusa wasomaji wa Kiswahili, wawe wapiga gita au wasiwe. Zamani kuhifadhi amplifaya kulitaka jumba la makumbusho, fundi wa kudumu na vali za akiba. Leo kunataka mtambo mmoja unaofanya kazi, maikrofoni, kompyuta ya kawaida na dakika chache. Kilicho haba si fedha tena, ni muda, kwa kuwa visanduku vilivyobaki katika stoo za bendi na majumba ya starehe huuzwa kama chuma, hufunguliwa kwa ajili ya spika zake, au huliwa na kutu. Anayekutana na kimoja asikitie umeme kwa haraka, maana kapasita iliyokaa miaka mingi bila kazi yaweza kupasuka na kuharibu transfoma ambayo haina badala. Kwanza na akipeleke kwa fundi mzee wa redio, kabla huyo naye hajafunga duka lake.